Mwaka Nilipomwonea Wivu Mwalimu Anasia

Mwezi uliopita nilikaa benchi la nyuma kanisani, mimi Mwislamu, nimejitanda ushungi wangu, nikiwasikiliza watu wazima wenye mvi wakimlilia Anasia kana kwamba aliwazaa yeye. Sanduku lilikuwa mbele, limefunikwa kitambaa cheupe, na baada ya ibada lingepakiwa garini kupelekwa Kilimanjaro, maana watu wa kule hawakubali mtu wao azikwe ugenini hata kama ugenini huko ameishi umri wake wote. Walisimama mmoja mmoja kusema. Huyu alifundishwa naye kushika kalamu, yule alikeshewa naye mpaka surua ikamwacha. Tulipotoka nje, mwanamume mmoja mwenye kipara, amevaa suti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." "Na wewe ulikuwa Uani, siyo? Sura hii naikumbuka." Nikamwambia ndiyo, nilikuwepo. Akatazama juu kidogo kama mtu anayetafuta kitu darini, kisha uso ukamfunguka. "Aa! Wewe ndiye uliyekuwa unatupikia!" Nimepita miaka sabini. Nimezika mume, nimezika ndugu, meno yaliyonibakia ni machache. Lakini pale nje ya kanisa, kwa maneno ya mtu mwema aliyetaka kunifurahisha, kifua kilinichoma vilevile kama kilivyonichoma mwaka ule, nikamjibu kwa sauti ambayo mwenyewe sikuitambua: "Sikuwa mpishi. Mimi ndiye niliyeianzisha." Akacheka kwa adabu, kama watu wanavyomchekea bibi kizee, akaenda kusaidia kubeba maua.

Uani ilikuwa uani kweli, si jina la kupamba. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Hidaya, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, katikati ya miaka ya hamsini. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na mwisho wa ukumbi mlango wa mbao unaotoka uani, penye jiko la makuti, pipa la maji, na ua wa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Bi Hidaya alikuwa mjane, mwenye nyumba, mdomo mwekundu kwa tambuu, sauti yake ikianza ukumbini inafika mtaa wa pili. Mimi nilipanga chumba cha mwisho. Shule niliiacha darasa la tatu wazazi wetu walipofariki, nikawalea wadogo zangu kwa vitumbua. Hayo hayana nafasi hapa. Ninachotaka kijulikane ni kwamba mwaka ule mdogo wetu wa mwisho alikwenda kukaa kwa mjomba Lindi, na kwa mara ya kwanza tangu nivunje ungo mikono yangu ilikuwa haina mtoto wa kushika. Asubuhi moja niko sokoni na sinia langu la vitumbua, nikaona mkokoteni wa magunia ukimkanyaga mguu mtoto wa mwanamke aliyekuwa akiuza nazi. Mtoto alikuwa amefungwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza ili asipotee. Kamba ilikuwa ndefu mno, basi. Wanawake wengi pale walifunga watoto wao hivyo, kama mbuzi, na hakuna aliyewalaumu, maana mwenye mzigo wa kuuza na mtoto wa miaka miwili atafanyaje? Mguu ule ulipona. Lakini kesho yake nilimwambia yule mama, "Niachie mimi. Vitumbua vyangu huisha saa mbili." Akaniachia. Keshokutwa wakawa watatu. Hata mvua za masika hazijaisha, uani palijaa watoto, Bi Hidaya amekaa mlangoni anapiga kelele, "Somoe, umenigeuzia nyumba banda la kuku!" huku mkononi anampakata mmoja wao.

Sikulipwa na sikutaka kulipwa. Nilitaka utaratibu. Asiyesoma akianzisha jambo hutunga utaratibu wake kwa vitu anavyovijua, na mimi nilivijua vitu viwili: chakula na khanga. Kila mama alipomleta mtoto asubuhi alitia kikapuni konzi moja ya kile anachouza. Muuza mchele konzi ya mchele, muuza kunde konzi ya kunde, wa mihogo kipande, wa nazi nazi moja kwa siku tatu. Chungu kilipikwa kwa alichokileta Mungu siku hiyo. Tulikula kunde kwa ndizi mbichi, tulikula wali wa dagaa na bamia, na watoto hawakulalamika. Bi Zuhura, muuza pilipili, siku ya kwanza alileta konzi yake ya pilipili kwa moyo mkunjufu kabisa. "Shoga, hizi nizipike au nizipande?" nikamwuliza, na wanawake wakacheka mpaka wakashika kuta. Tangu siku hiyo yeye akawa wa kuchota maji. Ama khanga, nilizitumia hivi. Khanga huuzwa doti, vipande viwili vya rangi moja. Mama aliacha kipande kimoja kwangu, mtoto akakilalia mchana, akasikia harufu ya mama yake akatulia. Kipande cha pili mama alijifunga mwenyewe. Jioni anayekuja kumchukua mtoto lazima awe na kile cha pili. Mama akizidiwa na kazi, anaivua khanga anampa dada yake au jirani, "Nenda nayo kwa Somoe." Mimi naitandika ile ya mtoto, naiweka hii pembeni, zikilingana mtoto anakwenda. Hapakuwa na karatasi. Mchana watoto wakilala jamvini kila mmoja juu ya rangi yake, nilikuwa nasimama mlangoni nikiwatazama, na moyo wangu ulinenepa. Nimeona mambo mengi mazuri baadaye, lakini hilo halijapitwa.

Anasia nilimkaribisha mimi mwenyewe. Hilo ndilo linalouma. Mumewe alikuwa karani, wamepanga nyumba iliyotutazama, na yeye alikuwa amefundisha miaka miwili katika shule ya misheni huko kwao kabla ya kuolewa. Hakuwa na mtoto bado. Alikuja siku moja na gauni lake la maua na viatu vya kufunga, akasimama ukumbini. "Dada Somoe, nasikia kelele za watoto tangu asubuhi. Naweza kusaidia?" Kiswahili chake kilikuwa cha milimani, anavuta maneno, na akina mama walipokwisha kumzoea walimwigiza mbele yake naye akacheka kuliko wote. Nilimpa kazi ya kunawisha mikono. Siku ya tatu aliokota mkaa jikoni akaanza kuchora ukutani: huyu ni paka, hii ni nyumba, hii ni a. Siku ya saba hakuna mtoto aliyekuwa akikaa jikoni nami. Akina mama wakaanza kumwita Mwalimu. Mimi nilikuwa Da Somoe tangu mwanzo na nikabaki Da Somoe, jina zuri tu, lakini jaribu kusimama karibu na mtu anayeitwa Mwalimu uone kama jina lako halitapungua urefu. Alikuwa hana makosa. Ningempata na kosa ningepumzika. Alifika kwa saa, alifuta kamasi za watoto wasio wake kwa ncha ya gauni lake mwenyewe, na nilipomkatalia neno hakunijibu kwa hasira. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu namtafutia ubaya kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Nilipata viatu tu. "Anavaa viatu uani," nilimwambia Bi Hidaya. Bi Hidaya akatema tambuu. "Na wewe ungekuwa navyo ungevaa."

Kisha Anasia akaja na daftari. Lilikuwa na jalada la buluu, na ndani yake aliandika kila mtoto: jina lake, la mama, la baba, ameugua nini, nani anaruhusiwa kumchukua. Alinionyesha kwa furaha, akidhani nitafurahi. Nikamwambia, "Sisi hapa tuna khanga." Akasema, "Khanga zibaki, dada. Daftari lisaidie tu." Nikasema sawa, nikaenda kukuna nazi. Sijapata kukuna nazi namna ile; nilifika kwenye kifuu nikaendelea. Haukupita muda akatujia mama mmoja wa Kizungu wa ustawi wa jamii, ametumwa kuona ni kitu gani hiki kinachozungumzwa sokoni. Alisimama katikati ya uani na kofia yake, akauliza kwa Kiswahili cha kubahatisha, "Mkubwa hapa nani?" Kabla sijafungua mdomo Anasia akamjibu kwa Kiingereza. Yule mama akageuka mzima mzima kumwelekea yeye, kama alizeti. Wakazungumza. Anasia akaninyooshea mkono, yule mama akaja akanishika vidole, akatabasamu, akarudi kule kule kuzungumza. Baadaye niliambiwa na karani aliyefuatana naye kwamba neno la kwanza la Anasia lilikuwa, "Mkubwa ni huyu dada." Sikuamini. Na nilipoamini niliumia zaidi. Yule mama alituachia habari kwamba chama lazima kiandikishwe serikalini, kiwe na katiba, na majina ya viongozi. Kikiandikishwa tutaletewa maziwa ya unga na mwuguzi atapita kuwatazama watoto. Anasia akaiandika katiba kwa siku mbili kwenye ngazi za nyumba yao ng'ambo ya mtaa. Katika karatasi ya serikali ya kuandikisha chama, mistari yote ilijazwa isipokuwa mmoja, wa jina la mwenyekiti. Bi Hidaya alisema akina mama wote watakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi waseme wanamtaka nani. Basi kwa wiki tatu mstari ule mtupu ulilala nami kitandani. Nilikuwa na nini kingine duniani? Wadogo zangu walikuwa wamekua. Vitumbua kila mtu anapika. Uani ndicho kitu pekee ambacho hakikuwepo nami nikakifanya kiwepo.

Alikuwako mtoto mmoja, Tatu, binti wa Mwanahawa muuza ng'onda, samaki wa kukausha. Alikuwa na miaka mitatu, mnene, mashavu kama mandazi, na tangu alipoletwa alinishika nguo nyuma kila nilipokwenda, hata chooni alinisubiri mlangoni akigonga. Katika wiki zile tatu alianguka juu ya jiwe la kufulia akapasua mdomo. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Nikachuchumaa, nikafungua mikono. Tatu aliinuka na damu mdomoni, akanitazama, akanipita, akakimbia mpaka kwa Anasia upande wa pili wa uani akamzamia mapajani. Mikono yangu ilibaki imefunguliwa. Bi Zuhura alikuwa anatua ndoo, akaona. Angenicheka ningeshukuru, alijifanya anatazama maji.

Siku zile zile zilikuwa za baada ya Idi, na mchana mmoja akina mama watatu wanne waliketi uani wakichambua mchele na kusengenya. Mwanahawa alikuwa amejifunga khanga mpya, ya njano yenye korosho nyekundu. Wakamsifu. Akabetua mdomo. "Msinisifu peke yangu. Rajabu kanunua doti mbili, sawasawa, moja yangu moja ya mkubwa wangu, ili mtu asiseme kapendelea. Tukitoka pamoja watu watadhani ni sare ya harusi." Bi Zuhura akasema, "Afadhali wewe mwenzangu. Wa kwangu angenunua doti moja aikate katikati." Wakacheka. Rajabu alikuwa kuli wa bandarini, ana wake wawili katika nyumba moja. Mkubwa, Salima, hakujaliwa kuzaa. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi, nikasikia kila neno. Anasia naye alisikia, kwa sababu nilimwona akifungua daftari lake la buluu na kuandika kitu. Sasa nikiyarudia mawazoni, hapo ndipo ningetoka jikoni nikaseme, jamani, khanga zangu zimekwisha kazi kwa mtoto huyu, tutafanyaje? Mtu anayeipenda Uani angesema. Mimi nilikuwa najipenda mwenyewe ndani ya Uani, na kukiri kwamba khanga zina tundu ilikuwa sawa na kumpa Anasia kalamu aandike jina lake kwenye ule mstari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya mkutano. Saa saba mchana, watoto wamekwisha kula, Anasia yuko mlangoni pa ukumbi na daftari lake, mimi nasugua sufuria. Nikasikia hodi. Alikuwa Salima, mwanamke mrefu, mpole, amejifunga ile ya njano yenye korosho. "Mwenzangu kazidiwa na wateja," alisema, "kaniambia nimpitie mtoto." Anasia akamkaribisha kiti, akafungua daftari. "Samahani, dada. Hapa imeandikwa Tatu anachukuliwa na mama yake tu. Ngoja nimtume mtu sokoni amwulize, si mbali." Salima akatazama chini. "Kwani sheria ya hapa si khanga? Hii hapa." Palikuwa na wanawake wawili watatu ukumbini, na mmoja wao akasema kwa kuchokoza, "Lo, sheria sasa ya nani, ya Somoe au ya Mwalimu?" Nikainuka na masizi mikononi. Nilikwenda jamvini nikaivuta khanga aliyokuwa amelalia Tatu, nikaja nayo, nikaiweka juu ya ile ya Salima mbele ya wote. "Mwalimu, hapa khanga inatosha." Anasia akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Dada Somoe, hawa ni wake wenza. Khanga zao ni moja. Tungoje kidogo tu." Alisema kwa heshima. Alikuwa ananisitiri. Nami nikajibu kwa sauti ya kusikika barabarani, "Kwani huyu si mama yake pia? Au kwenye daftari lenu wake wakubwa si watu?" Wanawake wakacheka. Nikamwamsha Tatu, nikampa Salima mkononi. Mtoto hakulia, alimjua. Nilirudi kwenye sufuria zangu, na nitasema kweli, kwa muda wa saa tatu nilikuwa na furaha kuliko nilivyokuwa mwaka mzima.

Saa kumi Mwanahawa akaja, ananuka samaki, amechoka, khanga yake ya njano begani. "Tatu!" akaita. Halafu akaita tena. Kisha akatutazama. Hakuwa amemtuma mtu. Alipoelewa alipiga ukelele. Bi Hidaya alitoka chumbani mwake anajifunga. "Nani alikuwa mlangoni? Nani katoa mtoto wa watu?" Nilikuwa nimesimama kati ya jiko na ukumbi. Wale wanawake wa mchana walikuwa wamekwisha kwenda zao. Nikasema, "Mwalimu ndiye aliyekuwa mlangoni." Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Anasia alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma mstari uliofifia. Akafunga daftari, akaliweka kitini, akavua viatu vyake vya kufunga ili aweze kwenda mbio, akasema, "Twendeni tukamtafute."

Nyumbani kwa Rajabu hapakuwa na mtu. Jirani akasema Salima alipita na mtoto, kachana nywele, ana kifurushi, na kwao ni Buguruni kwa mama yake. Tukashika njia, Mwanahawa mbele, Anasia pekupeku nyuma yake, mimi nyuma yao wote. Tulipita Ilala, tukavuka kwenye minazi, jua linatuchoma machoni. Njia nzima nilimwomba Mungu vitu viwili pamoja: mtoto apatikane, na mtu asiniulize. Tuliwakuta kwenye kibaraza cha nyumba ya udongo. Tatu amekaa katikati ya magoti ya Salima, ana gauni jipya la waridi, amesukwa nusu kichwa, anakula mkate wa kumimina. Vikongwe wawili na majirani walikuwa wamekusanyika kumtazama, na tulipokuwa tunakaribia tulimsikia mmoja akisema, "Hongera, Mama Tatu, mtoto ana afya." Salima alipotuona hakukimbia. Mwanahawa alimnyakua mtoto, akamtukana mwenziwe matusi ambayo sitayaandika, na Tatu, aliyekuwa anafurahi, akaanza kulia kwa kuwa mama yake analia. "Sikumwiba," Salima akasema. "Ningemrudisha jioni. Nilitaka watu wa kwetu waniite hivyo siku moja tu. Yeye anaitwa kila siku." Alisema hivyo akitazama mkono wake uliokuwa bado umeshika kitana. Sikuweza kumtazama. Kila mtu pale aliona mwanamke mwovu au mwanamke wa kuhurumiwa. Mimi nilimwona mtu ninayemjua, maana nami nilikuwa nimetaka jina la mtu mwingine mpaka nikamtoa mtoto kwa ajili yake.

Jumapili walikuja wote, hata waume wawili watatu waliosimama nje ya ua wakijifanya wanapita. Karatasi ya serikali ilikuwa mbele ya Bi Hidaya, juu ya kigoda. Alianza bila salamu. "Chama hiki ni watoto. Mtu aliyetaka kutupotezea mtoto hana kazi hapa, awe anajua Kiingereza, awe anajua Kilatini. Kitabu chake hakikumwona Salima. Mwalimu asikasirike, akae kwake, na tumwandike Somoe tumalize." Wanawake wakaguna kwa kukubali, na wale waliocheka mlangoni Jumatano ile wakatazama chini, maana nao walikuwa na lao. Mmoja akasema, "Tulisema tangu mwanzo, hawa wa daftari." Nilikuwa nimekaa jamvini na khanga yangu nzuri. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji kukaa tu, kama nilivyokuwa nimekaa siku nne, na jina langu lingeandikwa. Nikamtazama Anasia. Alikuwa karibu na mlango, mikono mapajani, anasikiliza anavyosemwa. Hakushtuka, hakulia, hakunitazama. Akina mama wale aliokuwa amewaoshea watoto wao walimpa mgongo, naye alikaa ameinua kichwa, ametulia, mzuri. Ndiyo, mzuri. Niliona uzuri ule kama ninavyouona mkono wangu huu. Kikanipanda kitu kifuani, si huruma wala toba, nikajikuta nimesimama.

"Mtoto nilimtoa mimi," nikasema. "Mwalimu alikataa. Aliniambia khanga zao ni moja, nami nilikuwa najua, nilimsikia Mwanahawa mwenyewe. Nilimtoa kwa makusudi ili daftari lishindwe." "Makubwa!" akasema Bi Zuhura. Mwanahawa akaja mpaka mbele yangu, nikafikiri atanipiga, na ningempa shavu. Akasema tu, "Nilikuachia wewe. Si yeye. Wewe." Bi Hidaya akatema tambuu, akaamuru yatandikwe majamvi mawili. "Anayemtaka Mwalimu akae hili. Anayemtaka Somoe akae lile. Sitaki maneno tena." Nimehudhuria chaguzi nyingi tangu hapo, za masanduku na za kuinua mikono, na hakuna inayouma kama ya majamvi, maana unaona makalio ya rafiki zako yakiinuka. Mwanahawa alikwenda wa kwanza, Tatu mgongoni. Wakafuata wa nazi, wa kunde, wa mchele. Wengine walinigusa bega walipokuwa wananipita. Kwenye jamvi langu tulibaki wanne, na mmoja alikuwa Bi Zuhura, aliyesema kwa sauti, "Mimi nakaa hapa kwa sababu ya miguu." Anasia mwenyewe hakukaa popote. Aliandika jina lake kwenye mstari ule, kisha akaongeza chini yake, kwa idhini yao, kwamba Somoe atakuwa mwangalizi wa chakula. Hivyo ndivyo nilivyoanza kupika, na ndivyo nilivyopika miaka kumi na moja.

Watu waliisimulia siku ile muda mrefu, na kila walipoisimulia walinisifu mimi. Somoe mkweli. Somoe hana unafiki. Maziwa ya unga yalikuja, mwuguzi alikuja, watoto wakawa wengi mpaka tukahamia mahali pakubwa, na akina mama wapya wakaonyeshwa jikoni, "Yule ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema kosa lake." Sijapata kuwaeleza. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua, na sasa hayupo.

Wakati wanawake wamekwisha kutawanyika Jumapili ile, nilikuwa nakunja majamvi na Anasia akaja kushika ncha ya pili. Tukakunja moja. Nikashindwa kujizuia. "Kwa nini ulinyamaza siku zote nne?" nikamwuliza. "Ungesema tu."

"Ningesema mimi, nani angeniamini? Wewe wanakujua tangu lini, mimi tangu juzi."

"Basi ungekaa hivyo hivyo wakufukuze?"

Akasawazisha jamvi kwa goti, akalifunga kamba. "Nilijua hutaniacha," akasema. "Nikasema moyoni, huyu dada hawezi kuvumilia nikae mbele ya watu wote nimekuwa mwema kuliko yeye. Ataninyang'anya na hilo."

Uso ulinipata moto mpaka masikioni. Alikuwa ameliweka kwa maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijayathubutu. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuvuta. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka naye mpaka nikakaa chini juu ya jamvi. Tulipopumzika alijifuta macho, akasimama, akavaa viatu vyake.

"Kesho uwahi, Dada Somoe," akasema. "Kuni hazitoshi."

Kesho yake adhana ya alfajiri ilinikuta nimekwisha kuuwasha moto. Sikutaka afike kabla yangu.